Kumjua Fundi wa Printa

Ofisi nyingi huchagua fundi wa printa kwa mambo mawili: amefika haraka na ametaja bei ndogo. Yote mawili ni mazuri, lakini hayasemi lolote kuhusu mikono yake. Ndiyo maana printa ile ile hufunguliwa tena na tena katika msimu mmoja wa zabuni, kila fundi anaondoka na hela yake, na mashine inarudi kumeza karatasi siku ile ile ambayo nyaraka zinatakiwa saa nne kamili asubuhi, asili moja na nakala mbili, kila ukurasa na mhuri wake. Mwongozo huu ni wa mtu anayesimama nyuma ya fundi siku hiyo, jicho moja kwenye saa ya ukutani, asijue kama anachotazama ni ustadi au ubabaishaji. Kujua kunawezekana. Ufundi wa printa na fotokopi una viwango vyake kama useremala ulivyo na vyake, na dalili nyingi hujitokeza kabla skrubu ya kwanza haijalegezwa.

Tazama kwanza anaomba nini. Fundi dhaifu anaomba nafasi ya meza na soketi. Fundi hodari anaomba karatasi zilizoharibika. “Dada, zile zilizotoka vibaya mmezitupa?” Zikiwa zimetupwa, atainama kwenye ndoo ya taka azitoe, azinyooshe kwa kiganja, azipange kwa mfuatano. Mhasibu atanung'unika kwamba muda unakwenda. Mwache anung'unike. Mtu anayesoma karatasi kabla ya kufungua mashine ndiye atakayemaliza mapema.

Karatasi inasomeka hivi. Ndani ya printa ya leza kuna rola na mitungi inayozunguka: ya kuvuta karatasi, dramu ya kubeba picha, rola ya kupaka tona, na fyuza ya kuyeyushia. Mojawapo ikipata kovu, kovu hilo litaacha alama kila mzunguko unapokamilika. Kwa hiyo umbali kati ya doa na doa ni mzingo wa rola yenye ugonjwa. Dramu yenye kipenyo cha milimita 24, iliyo ya kawaida kwenye printa ndogo za mezani, hurudia doa kila baada ya milimita 75 hivi. Yenye kipenyo cha 30 hurudia kila baada ya 94. Fundi anayejua kazi ana rula kwenye mkoba wake. Anapima, anapiga hesabu kichwani, anasema “hii ni dramu” au “hii siyo dramu”, na anakuwa sahihi. Mstari mweusi ulionyooka kutoka juu hadi chini ya ukurasa ni kesi nyingine: hapo hakuna kinachojirudia, kuna kitu kimesimama mahali pamoja kinakwaruza au kinavujisha, na mara nyingi ni bledi ya mpira inayofuta dramu. Kisha anapitisha kidole juu ya maandishi. Yakifutika, tona haikuiva, na shaka inahamia kwenye fyuza au kwenye aina ya karatasi.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote, na nikimwona fundi akikifanya moyo wangu hutulia. Anaamuru printa itoe ukurasa, halafu anaizima karatasi ikiwa katikati ya safari. Anafungua mfuniko, anachomoa katriji, anafunua kidogo pazia la dramu bila kuiacha ipigwe na mwanga wa dirishani, anaangalia. Ikiwa picha juu ya dramu ni safi na ile iliyokwisha kufika kwenye karatasi ni mbovu, ugonjwa uko mbele, kwenye kuhamishia picha au kuiyeyusha. Ikiwa picha imeshaharibika juu ya dramu, ugonjwa uko nyuma. Kwa tendo moja mashine imegawanywa nusu mbili na nusu moja imeachiwa huru. Hakutumia kifaa chochote cha kununua.

Kipimo hicho kinawezekana kwa sababu mpango wa kazi wenyewe haujabadilika tangu tarehe 22 Oktoba 1938, pale Astoria, New York, Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walipotengeneza nakala yao ya kwanza. Walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua lipate chaji ya umeme, wakalimulika kupitia kioo chenye maandishi, wakanyunyiza unga laini, wakauhamishia kwenye karatasi ya nta na kuupasha joto. Chaji, mwanga, unga, karatasi, joto. Ilipotoka Xerox 914 mwaka 1959, yenye uzito wa karibu kilo 300, iliuzwa ikiwa na kizimamoto chake kidogo, kwa kuwa karatasi iliyokwama karibu na joto iliweza kuungua. Mpe fundi wako chai, kisha muulize mashine hufanya nini kwanza na nini baadaye. Akizitaja hatua hizo kwa mpangilio, kwa maneno yake mwenyewe, una fundi. Akijibu kwamba mashine za siku hizi ni za Kichina tu, huna.

Hatua ya chaji ndiyo inayotusumbua sana sisi watu wa pwani. Umeme tuli na unyevu havipatani. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja, wakati wa masika, rimu iliyofunguliwa na kuachwa juu ya kabati inakunywa unyevu usiku kucha. Asubuhi karatasi zinashikana mbili mbili, zinatoka zimejikunja, maandishi yana mabaka meupe, na ofisi nzima inaamua kwamba printa imekufa. Fundi hodari huuliza rimu inahifadhiwa wapi. Anaomba mpya iliyofungwa, anaichana mbele yenu, anaipepeta, anaweka karatasi chache kwenye trei na kujaribu. Zikipita vizuri, ugonjwa umepatikana na bisibisi haijatoka kwenye mkoba. Hapo ofisi nyingi hukataa kumlipa, kwamba hajafanya kitu. Hilo linaniudhi kwa dhati. Amewaokoa na bei ya fyuza ambayo mwingine angewauzia. Mlipeni kamili.

Dalili ya pili ni maswali, na hasa maswali ambayo ofisi haipendi kujibu. Printa haivunjiki peke yake. Kuna mtu aliyejaribu kuchapa stika zilizokwisha kutumika nusu, au aliyepitisha karatasi yenye pini, au aliyeichomoa iliyokwama kwa nguvu kuelekea upande usio wake. Kila mtu anajua na hakuna anayesema, maana bosi yuko karibu. Fundi mzuri anaulizia jambo hili bila kumpa mtu aibu. “Ilianza lini? Siku hiyo mlikuwa mnatoa kazi gani? Kuna aliyebadilisha aina ya karatasi?” Akishajua kwamba zilikuwa stika, anakwenda moja kwa moja kwenye fyuza, anamulika na tochi ya simu, na anaikuta stika imejibandika kwenye utando wa ndani. Asiyeuliza atabadilisha tona, atajaribu, atabadilisha kebo, atajaribu, na atafika kwenye fyuza jioni.

Jambo hili limechunguzwa na watu wa elimu. Julian Orr, mwanaanthropolojia aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Xerox kule California, alifuatana na mafundi wa fotokopi kazini, na mwaka 1996 akatoa kitabu, Talking About Machines. Aliona kwamba vitabu vya maelekezo vya kampuni havikutosha, na kwamba mafundi walitatua magonjwa magumu kwa kusimuliana: mashine fulani ilifanya hivi, tukadhani vile, kumbe ni hiki. Kwa hiyo fundi wako akisimama katikati ya kazi akampigia mwenzake, “Bwana, umeshawahi kukutana na hii inayokwama ikiwa ya moto tu?”, usimhesabie ujinga. Mhesabie ujuzi. Wa kuogopwa ni yule ambaye hajawahi kumpigia mtu.

Sasa nifike kwenye ugonjwa ambao kwa maoni yangu ndio umepoteza saa nyingi zaidi za maofisi yetu kuliko mwingine wowote, na hauko ndani ya printa hata kidogo. Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Marekani wanatumia Letter, 216 kwa 279. Programu nyingi na printa nyingi, zisiporekebishwa, huja zikitarajia Letter. Mtu anatuma barua, printa inaangalia trei, inaona haina ukubwa ule, inasimama, inawasha taa ya chungwa na kusubiri. Trei imejaa karatasi. Mtu anaongeza karatasi. Taa bado inawaka. Anazima, anawasha, anatuma tena mara kadhaa, na kazi zinarundikana kwenye foleni. LaserJet za zamani ziliandika “PC LOAD LETTER”, yaani weka karatasi za Letter kwenye kaseti, na maneno hayo yalichosha watu kiasi kwamba yaliingia kwenye filamu ya Office Space ya 1999, ambamo wafanyakazi wanaipeleka printa uwanjani na kuipiga hadi ivunjike vipande. Fundi hodari akiona taa hiyo huku trei imejaa, anakwenda kwenye kompyuta kwanza. Anabadilisha ukubwa wa karatasi kwenye draiva, kwenye programu ya kuandikia, na kwenye menyu ya printa yenyewe, sehemu zote tatu, maana ukiacha moja ugonjwa unarudi. Wa kawaida anabadilisha kwenye ile barua moja tu, anachukua hela, na kesho asubuhi barua mpya inasimama tena.

Kwa upande wa kompyuta kuna alama ya haraka sana ya kumpima fundi aliyekutangulia. Fungua orodha ya printa. Ukikuta jina lile lile limejipanga likifuatwa na “Copy 1”, “Copy 2”, hadi “Copy 5”, umeona historia ya wabahatishaji: kila mmoja alipokwama aliongeza printa upya, hakuondoa iliyokufa, na wafanyakazi wamekariri kwamba ya tatu ndiyo inayofanya kazi, isipokuwa Jumatatu. Fundi wa kweli anafuta zote, anafuta na draiva zake, anasafisha foleni ya kazi zilizokwama, kisha anaweka moja. Kabla ya hayo yote anaiambia printa itoe ukurasa wake wa majaribio kwa kubonyeza vitufe vyake yenyewe, waya wa kompyuta ukiwa umechomolewa. Ukurasa ukitoka safi, hana sababu ya kufungua mashine. Na yule ambaye dawa yake kwa kila kitu ni kupiga Windows upya, mzuie mlangoni. Atafuta mafaili ya mishahara kwa sababu ya kebo iliyolegea.

Hata hivyo Windows nayo ina hatia zake, na fundi anayefuatilia habari za kazi yake anazijua. Septemba 2021 maboresho ya usalama yalifanya printa zinazotumiwa kwa pamoja kwenye mitandao ya ofisi zikatae kuunganishwa, zikionyesha namba 0x0000011b. Mafundi wengi waliyaondoa maboresho yale, printa zikarudi, wakasifiwa. Wachache walieleza pia kwamba ukiyaondoa unaacha wazi tundu la kiusalama lililokuwa limezibwa. Hapa pana kipimo kikubwa cha uungwana: anayechukua njia ya mkato, anakutajia gharama yake?

Tuingie kwenye spea na kujaza wino, mahali ambapo hela hupotelea.

Rola ya kuvutia karatasi ikizeeka, mpira wake unakuwa wa kuteleza na wa kung'aa, hauna tena nguvu ya kushika. Kuikwaruza kwa msasa kunaifufua kwa wiki chache. Mimi sioni ubaya fundi akifanya hivyo siku ya zabuni, mradi aseme wazi kwamba ni ya kuvukia tu na rola mpya iagizwe. Akibadilisha rola, aangalie na kile kipande cha kutenganishia karatasi kilicho chini yake. Hivi viwili huchakaa pamoja, na kubadilisha kimoja ni nusu ya kazi.

Katriji kama 85A imebeba dramu, bledi na chumba cha tona chafu ndani ya mwili mmoja. Kuijaza vizuri ni kumwaga kwanza ile tona chafu, kufuta bledi, kukagua dramu, ndipo kuweka mpya inayofaa aina hiyo. Anayetoboa tundu kwa msumari na kumimina unga kupitia hapo ameacha uchafu ndani, na mara ya pili au ya tatu utafurika juu ya karatasi. Mwulize amemwaga wapi tona chafu. Fundi aliyeimwaga atakuonyesha mfuko. Halafu kuna chipu. Chipu nyingi hukadiria kwa hesabu ya kazi zilizopita, hazipimi unga uliobaki, ndiyo maana katriji iliyojazwa hadi juu bado inalalamika kwamba ni tupu. Vita kati ya watengenezaji na wajazaji vilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 2017, katika kesi ya Impression Products na Lexmark, iliamua kwamba mtengenezaji akishauza katriji hawezi tena kutumia hataza yake kumzuia mtu asiijaze. Sheria ilimaliza hivyo, lakini chipu bado ipo, na fundi mzuri anakwambia kabla ya kujaza kama tahadhari itabaki kwenye skrini, ili usije ukadhani umeibiwa.

Ugonjwa ninaoutumia kupima uaminifu kuliko mwingine ni ule wa printa za matangi ya wino. Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, na leo steshenari zetu zinaishi kwazo. Kila zinaposafisha vichwa vyake, wino unaomwagika huenda kwenye sponji iliyo chini, na programu ya ndani huhesabu kiasi hicho. Hesabu ikifika ukomo, printa inagoma kabisa: taa zinapepesa kwa zamu, hakuna kinachotoka. Kuna programu za kurudisha hesabu kwenye sifuri. Fundi anachomeka laptopu, anabonyeza, printa inaamka, mwenye steshenari anashangilia, kazi imechukua muda mfupi kuliko kunywa soda. Lakini sponji bado imelowa. Baada ya miezi kadhaa wino mweusi unachuruzika mezani, unashuka kwenye droo yenye vyeti vya watu. Fundi wa kweli anafungua nyuma au chini, anatoa sponji, anaweka mpya au anaiosha hadi maji yatoke safi na kuikausha, ndipo anarudisha hesabu. Omba kuiona sponji aliyotoa. Hakuna namna ya kughushi sponji iliyolowa wino wa miaka.

Akimaliza, usiridhike na ukurasa mmoja. Fyuza yenye ugonjwa hufanya kazi vizuri ikiwa baridi na kukwama ikipata moto, na nyingine ni kinyume chake. Toa kurasa ishirini mfululizo, pande mbili, kwa karatasi zenu wenyewe. Kesho asubuhi jaribu tena mashine ikiwa imelala. Kama ina skana, soma tarakimu. Mwaka 2013 David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, alikuta baadhi ya mashine za Xerox WorkCentre zinabadilisha namba zinaposkani nyaraka: kwenye ramani ya nyumba, vyumba vya mita za mraba 21.11 na 17.42 vyote vilitoka vimeandikwa 14.13, kwa herufi safi zisizo na doa. Njia ya kubana picha ilikuwa inafananisha vipande na kuweka kimoja mahali pa kingine. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu. Tangu niliposoma habari hiyo, karatasi yangu ya majaribio ni jedwali la namba ndogo, na nalinganisha mstari kwa mstari.

Angalia pia amechomeka wapi. Fyuza huvuta umeme mwingi kwa ghafla, kwa hiyo printa ya leza haipaswi kukaa kwenye UPS ndogo ya kompyuta; fundi anayeikuta hapo akaihamisha bila kuambiwa ni wa kiwango cha juu. Angalia mezani: skrubu zilizobaki ni jibu tosha. Angalia ndani ya mfuniko: walio bora huandika kwa kalamu ya wino tarehe, namba ya kurasa kwenye kaunta na spea waliyoweka, ili atakayekuja baada yao, hata kama si wao, aanzie pale.

Mwisho, kabla ya kumkabidhi mashine kubwa, nenda kibandani kwake. Utakuta printa zilizokufa, hilo ni la kawaida. Angalia zimekufa vipi. Kwa mafundi fulani ni rundo lililofunikwa na vumbi, kava zimevunjika, waya zimeng'olewa. Kwa wengine zimevuliwa kwa utaratibu: gia kwenye kopo moja, rola kwenye jingine, mota zimefungiwa mipira ya pesa, kila kopo limeandikwa namba ya modeli. Muulize huyu wa pili ni mashine gani hatakubali kutengeneza. Atakutajia, na sababu zake: fyuza yake inakaribia bei ya mashine mpya, au vipande vyake vimeunganishwa kwa klipu za plastiki zinazokatika zikifunguliwa, au spea zake zote sokoni ni feki. Andika majina hayo, uyakabidhi kwa anayefanya manunuzi ofisini kwenu kabla bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa.